Rahisi kwa Nani?

Mwaka jana jina langu liliandikwa kwa wino mwekundu katika daftari la chama chetu cha wastaafu. Mbele yake katibu alitia neno moja tu: "Hakuchangia." Wenzangu wote walitoa, wengine kwa taabu, maana pensheni zetu kila mtu anazijua, mimi peke yangu nilikaa kimya bakuli lilipopita. Mchango ulikuwa wa kuinunulia hospitali ya wilaya inkubeta, yaani ile mashine ya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, tena ya aina mpya inayosifiwa kwamba ni ya bei nafuu na imebuniwa mahsusi kwa ajili ya nchi maskini. Katibu hakuniudhi. Aliyeniudhi ni rafiki yangu wa miaka mingi, aliyesimama mbele za watu akasema, "Mzee mwenzangu, hata wewe? Wewe uliyemzika mjukuu?"

Siku ile sikumjibu. Namjibu sasa, na naomba anisome mpaka mwisho kabla hajanuna.

Kwa miaka 26 nilikuwa mtunza stoo katika hospitali ya wilaya, si hii ya kwetu bali nyingine, ambayo sitaitaja kwa kuwa mengi nitakayoyasema yangeweza kusemwa juu ya hospitali nyingi. Sikuwa daktari, wala sikupata kumshika mtoto mchanga kazini. Lakini mtunza stoo naye ana elimu yake. Daktari anajua kifaa kinafanya nini. Mtunza stoo anajua kiliingia lini, kwa hati gani, kikiwa na thamani gani, na kiliishia wapi. Katika miaka hiyo nilipokea inkubeta saba. Zote zilikuwa za msaada, na zote nilizitilia saini.

Ya kwanza ilikuja ndani ya kontena pamoja na vitanda, magongo na maboksi ya nguo za wagonjwa. Ilikuwa nyeupe, inang'aa kama kabati la vyombo la bibi arusi. Tuliibeba watu wanne. Fundi umeme wa hospitali, kijana hodari kwa nyaya za nyumba, alibadilisha plagi na kuichomeka. Kumbe mashine ilikuwa imetengenezwa kwa umeme wa volti 110, na ukutani kwetu mna 230. Ilitoa mlio mmoja, ikafuata harufu. Hatukupata hata kumlaza mtoto mmoja ndani yake. Niliandika kwenye leja, "Imepokelewa, 1," kisha nikairudisha stoo.

Mbili zilizofuata zilikuja na transfoma zake, tukashangilia. Hizi zilifanya kazi kweli, moja miezi minane na nyingine zaidi kidogo ya mwaka. Ile ya miezi minane iliharibika kijiwaya chenye kichwa mfano wa kifungo cha shati, kile kinachobandikwa tumboni mwa mtoto ili mashine ijue joto la ngozi yake. Kijiwaya hicho hakikuuzwa mjini kwetu wala Dar es Salaam, na kampuni ilikuwa imekwisha acha kutengeneza aina ile. Nyingine ilizibwa na vumbi kwenye kichujio cha hewa. Huenda kitabu cha maelekezo kilieleza namna ya kukisafisha, lakini kiliandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Ya nne haikuwa na mfuniko.

Kila tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, nilihesabu mali. Nilizihesabu inkubeta hizo mwaka baada ya mwaka kama mtu anayehesabu makaburi ya ukoo. Kuzitupa sikuweza, maana mali ya serikali haitupwi mpaka ipate kibali cha kufutwa, na kibali nacho kina safari yake. Basi katika vitabu vya wilaya hospitali yetu ilikuwa na inkubeta nyingi. Wodini mara nyingi ilikuwa na moja. Ndani ya zile mbovu tulihifadhi mafaili ya zamani, kwa kuwa panya walishindwa kutoboa ule mfuniko mgumu.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba nasimulia kioja cha wilaya moja. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Perry na Malkin, uliojumlisha hesabu za vifaa vya hospitali zaidi ya 100,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo. Karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Sababu kubwa walizozitaja ni watu wasiofunzwa, usimamizi mbovu wa vifaa, na miundombinu kama umeme. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Leja yangu ilikuwa imesema hayo hayo miaka mingi kabla, bila profesa.

Ya tano na ya sita zilikuja siku moja, na siku hiyo siisahau. Lilitandazwa turubai, viti vikakodiwa, kwaya ikaimba. Mgeni rasmi alikata utepe kwa mkasi uliotolewa chumba cha upasuaji, umewekwa juu ya sahani yenye kitambaa. Thamani ya mashine ilitajwa kwenye kipaza sauti mara tatu, na kila mara watu walipiga makofi. Bei ya kichujio haikutajwa. Jina la fundi halikutajwa, kwa sababu hakuwapo. Mimi nilisimama nyuma ya kwaya na hati zangu za kupokelea, nikisubiri watu wamalize kupiga picha.

Baadaye, nilipoanza kusoma habari za mashine hizi (mstaafu ana wakati), niligundua kwamba tabia ya kupenda watazamaji zilizaliwa nayo. Inkubeta ya kwanza kutumika hospitalini kwa mpango ilifungwa Paris mwaka 1880. Daktari Stéphane Tarnier alikuwa ameona mashine za kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama, akamwomba fundi wa bustani hiyo, Odile Martin, amtengenezee kama hiyo kwa ajili ya watoto. Umeme haukuhitajika, lilikuwa sanduku lenye maji ya moto chini yake. Na lilisaidia, tusidhulumu haki: miongoni mwa watoto wenye uzito usiofika gramu 2,000, vifo vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Lakini haikuchukua muda kabla ya masanduku hayo kupelekwa kwenye maonyesho. Huko Marekani, Martin Couney aliwaweka watoto njiti ndani ya inkubeta katika viwanja vya starehe vya Coney Island tangu 1903 hadi 1943, na watu walilipa senti 25 kuingia kuwatazama. Wengi wa watoto wale waliokolewa, na wazazi wao hawakutozwa hata senti. Hata hivyo mimi niliposoma habari hiyo niliikumbuka kwaya yetu na utepe wetu.

Sasa nifike kwa mjukuu, maana ndipo rafiki yangu aliponishika.

Mwaka 2009 binti yangu mkubwa alijifungua kabla ya kutimiza miezi minane. Mtoto wa kiume, gramu 1,300. Tunawaita njiti, na neno lenyewe lanichoma, kwa sababu njiti ni kitu unachokiwasha kikaisha. Alijifungulia pale pale nilipofanya kazi. Wodini palikuwa na inkubeta moja nzima, ile ya saba, na ndani yake mlikuwa tayari na watoto wawili. Mjukuu wangu akawa wa tatu, wakalazwa ubavu kwa ubavu, na mmoja wao alikuwa na maambukizi. Binti yangu alipewa kitanda katika wodi nyingine, ng'ambo ya ua, akaambiwa aje kila baada ya saa tatu kukamua maziwa. Zaidi ya hapo mlango ulifungwa. Mama alikuwa mgeni wa mwanawe.

Usiku wa pili umeme ulikatika. Jenereta lilikuwapo, dizeli haikuwapo. Nasema haya nikiwa ndiye niliyetunza ufunguo wa pipa la dizeli: nilijua tangu Jumatatu kwamba pipa ni tupu, ombi nilikwisha liandika, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Sista wa zamu, mmoja kwa wodi nzima, aliwafunga watoto kwa pamba na blanketi, akajaza maji ya moto kwenye chupa na kuzizungushia taulo. Mtoto wa uzito ule ana ngozi nyembamba na hana mafuta mwilini. Joto humtoka kama maji kwenye gunia. Anapopoa, sukari na oksijeni kidogo alizo nazo huteketea katika kujipasha moto. Alfajiri mjukuu wangu alikuwa wa baridi. Alifariki siku ya tatu, saa nne asubuhi.

Sisemi kwamba mashine ilimwua, wala simlaumu sista yule. Mtoto mdogo kiasi kile ana milango mingi ya kuondokea. Kinachoniuma ni kitu kimoja. Hatua kama arobaini kutoka kwenye sanduku lile alikuwapo mama mwenye joto la nyuzi 37 ambalo halikukatika usiku ule, naye alikuwa macho, analia, na hakuna aliyemwita. Hata mimi, baba yake, niliyekesha kwenye benchi la nje, sikufikiri kumwita. Nilikuwa nimekaa nikiomba umeme urudi.

Nayo elimu ya kumwita ilikuwapo. Mwaka 1978, huko Bogotá, mji mkuu wa Colombia, madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walikuwa na shida ile ile iliyotukuta sisi: inkubeta chache, watoto wawili watatu katika moja, maambukizi, na akina mama waliotengwa na watoto wao hata wengine wakawatelekeza. Wakaanza kumfunga mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, anyonye hapo na alale hapo, kama kangaruu anavyobeba mwanawe. Huduma hiyo ikaenea duniani kwa jina la mnyama huyo. Miaka 31 baadaye mjukuu wangu alikuwa ndani ya sanduku.

Rafiki yangu atasema, na alikwisha sema: "Hizo zako zilikuwa mitumba ya kwenye kontena. Hizi za sasa zimebuniwa kwa ajili yetu." Hoja ni nzuri na inastahili jibu la haki.

Ipo moja iliyonipendeza sana niliposimuliwa. Wabunifu wa Marekani waliona kwamba hata mahali pasipo fundi wa vifaa tiba pana fundi wa Toyota. Basi wakaunda inkubeta kwa vipuri vya gari: taa za mbele zikatoa joto, feni ikazungusha hewa, betri ya pikipiki ikasaidia umeme ukikatika. Waliiita NeoNurture. Mwaka 2010 gazeti la Time liliitia katika orodha ya uvumbuzi 50 bora wa mwaka ule. Nilidhani mwisho wa taabu umefika. Lakini mashine hiyo haikupata kutengenezwa kiwandani. Mbuni wake, Timothy Prestero, alikiri mwenyewe hadharani mwaka 2012 kwamba ilishinda sifa na haikumfikia mtoto, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejiuliza nani ataitengeneza, nani ataichagua na nani atailipia. Namheshimu mtu huyo. Katika hafla zote nilizosimama nyuma ya kwaya sikupata kusikia mtu akisema maneno ya namna hiyo.

Ipo ya pili, Embrace, iliyoanza mwaka 2007 kama zoezi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walioagizwa wabuni inkubeta ya asilimia moja ya bei ya kawaida. Ya kawaida, msomaji ajue, inaweza kufika dola 20,000. Wao wakaunda mfuko wa kulalia wenye kifurushi ndani yake cha kitu mfano wa nta. Ukikipasha moto kinashikilia nyuzi 37 kwa muda wa saa nne hadi sita bila umeme. Ulianza kutumika India mwaka 2011. Hiki ni kifaa cha akili, na kilinishinda kukidharau. Walipoona mama anaweza kupunguza joto kwa kuogopa dawa ya kizungu ni kali mno, waliondoa tarakimu wakaweka alama ya kuonyesha tu kwamba joto linafaa. Huko ndiko kumsikiliza mtu. Na wenyewe wanasema mfuko huo ni msaidizi wa kifua cha mama, pale mama anapokuwa mgonjwa au njiani. Hawasemi kwamba unachukua nafasi yake.

Tena joto silo lote. Watoto njiti wengi hufa kwa kushindwa kupumua, mapafu yao yakiwa hayajakomaa, na sanduku la joto halipumui kwa niaba ya mtu. Kwa hilo nawasifu waliotengeneza Pumani, kifaa rahisi cha kusukuma hewa puani mwa mtoto, kilichojaribiwa Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Rice. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopona walikuwa asilimia 71, wakati waliopewa oksijeni ya kawaida walipona asilimia 44. Kwa hiyo asiniite adui wa mashine. Kifaa kile kilikaa mikononi mwa wauguzi wa Malawi tangu kikiwa kichanga, kikavunjika mbele yao, kikarekebishwa kwa maneno yao. Leo tunaletewa kitu kilichokwisha kuitwa rahisi kabla hakijaonja vumbi letu. Rahisi kwa nani? Mnunuzi hulipa mara moja akaenda zake na picha. Hospitali hulipa kila mwezi.

Nakumbuka jinsi wakubwa walivyokuwa wakizungumza juu ya kangaruu katika miaka yangu ya mwisho kazini. Waliiita "njia mbadala", kwa sauti ile ile mtu anayotumia kumwambia mgeni kwamba wali umekwisha lakini upo ugali wa jana. Machoni mwao mashine ilikuwa tiba, na kifua kilikuwa cha waliokosa. Basi wasomao wasome: Novemba 2021? La, mapema zaidi, Mei 2021, yalichapishwa majibu ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Wa kundi moja waliwekwa kwenye mashine za joto kwanza mpaka watulie, ndipo wakapewa mama, kama ilivyokuwa desturi. Wa kundi la pili walifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama hali bado ni mbaya. Katika kundi la kwanza walikufa asilimia 15.7 kabla ya siku 28. Katika la pili asilimia 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika hilo likabadilisha mwongozo wake wa dunia nzima, London na Kigoma sawasawa.

Lakini angalia kilichofanyika katika hospitali zile, maana hapa ndipo wanaoshangilia kwamba kifua ni cha bure wanapokosea kama wale wa mashine. Mama hakuambiwa tu, "Mfunge mwanao." Kitanda chake kiliingizwa ndani ya wodi ya watoto mahututi, karibu na oksijeni, karibu na mrija wa kulishia, karibu na muuguzi. Mashine zilikuwapo. Kilichohama ni mama.

Na mama ana gharama. Mwaka 2018 binti yangu mdogo naye alijifungua njiti, mtoto wa kike, gramu 1,450, katika hospitali ya mkoa mwingine yenye chumba cha kangaruu. Mume wake ni dereva wa lori, siku hizo alikuwa njia ya Lubumbashi. Nilifika kwa basi na mke wangu. Siku ya tano sista aliniambia, "Mzee, mama lazima aoge na alale kidogo. Vua shati." Nilidhani anatania. Alimweka mtoto kifuani pangu wima, miguu imekunjwa kama chura, kichwa upande mmoja, kofia na soksi, akanifunga kwa kitenge mpaka nikashindwa kuinama. Nilikaa hivyo saa tatu. Sikujua kwamba pumzi ya kiumbe mdogo hivyo inasikika hivyo. Inakwenda, inasita, nawe unasita nayo, kisha inaendelea. Vijana wawili waliokuja kuwaona wake zao walinicheka mlangoni. Kesho yake mmoja wao alikuwa kwenye kiti cha pili, amefungwa.

Mjukuu yule yuko shule ya msingi na ana kelele. Lakini siku zile 24 nilizihesabu kama nilivyozoea kuhesabu. Kitanda kimoja walilala akina mama wawili, na watoto wao kifuani. Chakula kilitoka kwa ndugu. Asiye na ndugu mjini alikula alichogawiwa na jirani, na maziwa hayatoki kwa njaa. Binti yangu alikuwa akiuza chai na vitumbua sokoni. Siku 24 bila kuuza, mtaji uliliwa wote, na hakurudi sokoni mpaka mwaka uliofuata. Mama wa kitanda cha dirishani aliondoka siku ya sita, usiku, na mtoto wake ambaye hakuwa ameruhusiwa, kwa sababu nyumbani aliacha wengine watatu na hakukuwa na mtu wa kuwapikia. Sikupata kujua mtoto yule aliishia wapi. Kama kuna mtu anataka kuniambia kwamba kangaruu ni bure, na aende kumtafuta mama huyo amweleze.

Mwaka 2025 sheria ya kazi hapa nchini ilirekebishwa ili likizo ya uzazi ya mama aliyejifungua njiti irefushwe mpaka zitimie wiki 40 za mimba. Ni jambo jema, nililipokea kwa furaha. Lakini linamhusu mwajiriwa. Muuza vitumbua hana wa kumwandikia likizo.

Kabla ya mkutano wetu wa chama nilikwenda hospitali ya wilaya, nikamwuliza muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga anahitaji nini. Hakufikiri hata kidogo. Alisema vitanda vya akina mama, viti vya kuegemea, uji wa asubuhi na jioni, na mtu mmoja zaidi zamu ya usiku. Kisha akanionyesha inkubeta mbili zilizofunikwa shuka, akasema zimesimama kwa kukosa vichujio na kidhibiti cha umeme. Nilimwuliza bei. Fedha za mchango wetu zingetosha vichujio, kidhibiti, ujira wa fundi wa kuzifufua zote mbili, vitanda vinne, na uji wa miezi kadhaa. Niliyasema hayo mkutanoni. Mjumbe mmoja, mtu mwema kabisa, aliniuliza kwa upole, "Sasa uji tutaukabidhije, mzee?" Watu wakacheka, bakuli likapita.

Duniani, kwa hesabu ya mwaka 2020, watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati. Nimelitazama tarakimu hilo mara nyingi nikashindwa kuliona. Namwona mmoja tu, katikati ya wenzake wawili, upande wa kushoto.

Inkubeta ya chama chetu imefika wiki iliyopita. Haina lawama, ni nyepesi, inaweza kutumia betri, na maelekezo yake yana picha. Makabidhiano ni mwezi ujao, turubai limekwisha kodiwa. Katibu amekuja nyumbani na soda mbili kuniomba, kwa kuwa nina uzoefu, niandike hati ya kupokelea. Nimekubali. Nimeichora mwenyewe kwa rula kama nilivyozoea: jina la kifaa, idadi, thamani. Baada ya thamani nimeongeza safu nne ambazo hati zangu za zamani hazikuwa nazo: bei ya kichujio na mahali kinapouzwa, jina la fundi, jina la atakayemlipa fundi, na kitanda cha mama kimewekwa umbali gani kutoka kwenye mashine. Katibu ameichukua hati, ameizungusha kwa watu wote wanaohusika, na jana ameirudisha. Safu ya thamani imejazwa kwa tarakimu na kwa maneno.